Tangi la Puani

Gari lilikuwa limekwisha kupita getini, na nusu ya kijiji ilikuwa imesimama kando ya barabara ikilisindikiza kwa macho. Nerio Gibertoni aliliendesha kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa nje ya dirisha, akiwapungia watu kama askofu kwenye maandamano, na kina mama walikuwa wameacha masufuria jikoni ili wapungiwe.

"Primo!" alipaza sauti. "Bandika maji, uanze kuuchemsha huo mguu!"

"Utachemka wewe kwanza!" Primo Zanasi alimjibu, viganja mdomoni. "Utakwama njiani, pale Asti, ulimi nje. Ukinipigia simu nitakuletea petroli kwenye chupa ya divai!"

Watu wakacheka. Nerio akaingiza gia ya pili, mngurumo ukamwagika juu ya mapaa, njiwa wakatoka mbio mnarani mwa kanisa. Gari likawa doa la rangi ya chungwa katikati ya miti mirefu ya barabara ya Modena, kisha doa lenyewe likapotea.

Mguu waliokuwa wakitaniana ni mguu wa nguruwe uliojazwa nyama, ule unaoliwa kwetu wakati wa Noeli. Primo na Nerio walikuwa wamewekeana dau, na atakayeshindwa atamnunulia mwenzake mguu huo. Mwenye kiwanda, Bellentani, aliyetunukiwa na serikali cheo cha Kavaliere, alikuwa amewatangazia waandishi wa habari kwamba gari lake jipya litatoka getini kwake hadi mlangoni mwa maonyesho ya magari ya Torino kwa tangi moja tu, bila kusimama kunywa petroli. Nerio alisema litafika. Primo, ambaye ndiye aliyeigonga bodi yote kwa nyundo juu ya gogo na mfuko wa mchanga, alisema halifiki. Si kwamba alilichukia gari. Alipenda tu kumpinga Nerio, na kijiji kizima kilipenda kuwasikiliza.

Ulderico Malagoli hakushuka kuaga. Alisimama dirishani, ghorofa ya juu, karibu na ubao wake wa kuchorea, mikono mfukoni. Yeye ndiye injinia. Gari lile lilitoka kichwani mwake, na siku hiyo aliona haya kufurahi mbele za watu. Dereva alikuwa shemeji yake, ndugu wa mke wake Ilde, na walikuwa wamekula meza moja tangu siku ya harusi.

Mambo yalianza hivi. Kavaliere alitajirika kwa kutengeneza pampu za kunyweshea mashamba ya viazisukari. Alipokwisha kutajirika akaona kwamba katika bonde letu mtu mwenye mali asiye na gari la mbio lenye jina lake ni sawa na mtu asiye na kaburi la ukoo. Akamwita Ulderico, aliyekuwa akimchorea pampu, akamwambia, "Nichoree gari." Ulderico akamchorea gari lenye injini nyuma ya viti.

"Farasi nyuma ya mkokoteni?" Kavaliere aliuliza.

"Si nyuma kabisa, Kavaliere. Katikati. Uzito ukikaa katikati, gari linageuka kama pia ya kuchezea."

Kavaliere akaipenda ile pia. Lakini injini ya silinda kumi na mbili si kitu cha kuficha mfukoni. Ililazwa kwa upana nyuma ya shingo za abiria, giaboksi ikabanwa chini yake. Nyuma zaidi ikabidi liwepo buti, kwa sababu mke wa Kavaliere alisema hakuna mwanamke atakayepanda gari lisiloweza kubeba masanduku mawili ya kwenda baharini. Tangi la petroli likakosa pa kukaa. Ulderico akazunguka nalo kwenye karatasi majira yote ya baridi, na mwishowe akaliweka puani, chini ya boneti, jirani na tairi la akiba. Walipolipeleka gari kwenye mizani ya chama cha ushirika, ile inayopima malori ya viazisukari, mbele na nyuma zilikuwa karibu sawa. Ulderico aligeuka akajifanya anapenga kamasi. Ukweli ni kwamba machozi yalimlengalenga.

Tangi lilikuwa limejaa siku hiyo. Lilikuwa limejaa kila siku.

Ilikuwa desturi ya kiwanda, na hakuna aliyekumbuka kuianzisha. Asubuhi, kabla Nerio hajatoka kwenda kulijaribu gari milimani, tangi lilijazwa uani kutoka kwenye pipa. Kavaliere hakutaka gari lake lionekane kwenye kituo cha mafuta cha watu, ambapo madereva wa kampuni kubwa za jirani wangeinama kuchungulia tumbo lake. Na adhuhuri, king'ora cha kiwanda cha pampu kilipolia, Nerio alikuwa mezani kwa Ilde, leso shingoni. Hakukosa hata mara moja. Kwetu mtu anayeziacha tortelini, zile tambi zilizojazwa nyama, zipoe kwenye supu kwa ajili ya kazi huulizwa kama anaumwa. Kwa hiyo gari lilitoka limeshiba na kurudi na nusu ya tangi, likajazwa tena kesho yake. Miaka miwili lilipanda milima na kushuka, lilikimbizwa kwenye barabara kuu asubuhi kabla ya malori, na hakuna mtu aliyewahi kuliendesha likiwa na kiu. Hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo. Kilikuwa chakula cha mchana, basi.

Mara moja tu Nerio alisema kitu, huku akijipakulia mara ya pili.

"Unajua, shemeji, likiwa linarudi nyumbani linacheza-cheza. Kama farasi jike akisikia harufu ya zizi."

"Tairi zinakuwa zimepata moto," Ulderico alisema.

"Huenda."

"Au wewe ndiye unayesikia harufu ya zizi," Ilde alisema. "Ukifika hapa unapumua kuliko huyo farasi."

Wakacheka wote, na maneno yakaishia hapo, pamoja na mkate wa mwisho uliofutia sahani.

Asubuhi ile ya kuondoka, Ulderico alishuka uani baada ya watu kutawanyika. Gari la pili, pacha wa lile lililoondoka, lilikuwa pale, alumini tupu bila rangi, kiti kimoja tu ndani. Primo alitaka kuchomelea kipande cha chuma puani, na kwa kuwa si mwehu alikuwa amelimwaga tangi kwanza hadi tone la mwisho. Sasa yeye na mwenzake walitaka kuingiza jiwe chini ya sehemu ya mbele. Primo akashika chini ya pua, akanyanyua peke yake, magurudumu yakalegea yakining'inia.

"Tazama, Injinia! Sijanywa hata kahawa, na ninalibeba kama kikapu cha mayai. Utasema nimeoa mpishi mzuri."

Ulderico alicheka. Kisha kicheko kikamkatika, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka.

"Literemshe," alisema.

"Bado sijachomelea."

"Literemshe, Primo. Tia petroli kidogo. Lita chache tu, za kuendea na kurudi."

"Twende wapi?"

"Wewe huendi popote."

Akaingia, akatoka nalo getini mwenyewe. Watu waliobaki barabarani walishangaa, maana Injinia hakuwa mwendeshaji. Aliendesha kama anavyochora, polepole na penseli kali. Alilipeleka kwenye barabara ya mfereji, iliyonyooka kama uzi kati ya mashamba yaliyokwisha kuvunwa, na hapo akakanyaga mafuta.

Mwanzo lilikwenda vizuri. Usukani ulikuwa mzito mkononi, ukimwambia kila kokoto. Akaongeza. Mashamba yakaanza kukimbia pembeni. Akaongeza tena, na hapo usukani ukaanza kuwa mwepesi, mwepesi, hadi ukawa mwepesi kama mlango uliotolewa kitasa. Akaugeuza kidogo kushoto. Gari halikumsikia. Liliendelea lilivyotaka, pua juu, upepo umeingia chini ya ile boneti bapa iliyochorwa na fundi wa maumbo ya magari wa Torino kwa uzuri kama mwiko wa mwashi, na Ulderico akaona mbele yake mbingu nyingi kuliko barabara. Akaondoa mguu kwenye mafuta. Sasa ule uzito wa nyuma, uzito wake mwenyewe aliousifia, ukataka kupita mbele. Gari likajipinda, likala majani ya ukingo wa mfereji, likasimama kiubavu.

Alikaa pale. Kunguru walirudi shambani. Aliweza kusikia saa yake mkononi.

Hakuhitaji karatasi. Tangi likijaa, petroli ilikuwa inaikalia pua kama mtu mnene anavyokalia kichwa cha mtumbwi. Tangi likiisha, mtu mnene ameshuka. Na Nerio alikuwa njiani kwenda Torino, ana amri ya kutojaza, ana waandishi wa habari wanaomsubiri, ana mguu wa nguruwe wa kushinda, na karibu na Torino, pale petroli itakapokuwa imebaki mashapo, ndipo atakapotaka kufika kwa kishindo.

Alirudi kiwandani kwa mwendo wa trekta.

Kavaliere alikuwa ofisini kwake, amevaa suti ya safari, kofia mezani. Yeye na dereva wake wangeondoka baada ya chakula. Walikuwa wamekubaliana kwamba Nerio apige simu kutoka baa ya kituo cha Piacenza, ambako angesimama kunywa kahawa na kujionyesha. Simu ilikuwa bado haijalia. Ulderico alimweleza yote akiwa amesimama. Alieleza vizuri. Kavaliere hakuwa mjinga, alikuwa amepindisha mabomba ya maji kwa mikono yake kabla ya kuwa Kavaliere, na alielewa kabla sentensi hazijaisha. Uso wake ukawa wa kijivu.

"Una hakika?"

"Nimetoka mferejini sasa hivi. Tazama viatu vyangu."

Kavaliere alivitazama.

"Basi ajaze," alisema. "Mwambie ajaze. Nitawaambia waandishi wa habari chochote. Lakini sikiliza, Ulderico. Usimwambie kwa nini. Si kwenye simu ile."

"Kavaliere..."

"Unaijua baa ile? Asubuhi kama hii wamo madereva wote wa majaribio wa mkoa wetu wa Emilia, na simu iko ukutani katikati yao. Nerio atapiga ukelele, 'Nini? Pua inaruka?' Jumatatu itakuwa gazetini. Gari linaloruka pua, nani atalinunua? Nimeweka rehani kiwanda cha pampu. Wale watu wote uani wanakula kwa hili. Wewe pia. Mwambie ajaze, inatosha. Akijaza yuko salama, si ndivyo ulivyosema?"

"Akijaza yuko salama."

"Basi."

Na ni kweli, ilionekana kutosha. Ulderico alikubali, na hakukubali kwa shingo upande. Hilo ndilo aliloshindwa kujisamehe baadaye. Aliliona wazo zuri.

Simu ikalia. Kavaliere akampa mkono wa simu, akabaki amesimama karibu naye, karibu sana, harufu ya sabuni ya kunyolea ikimjia puani.

"Haloo, nyumbani!" Sauti ya Nerio ilikuja imezungukwa na vikombe na vicheko. "Nani huyo? Shemeji? Mbona wewe? Yuko wapi bosi, amezimia kwa furaha?"

"Nerio, nisikilize. Jaza tangi."

"Nini?"

"Jaza tangi hapo hapo Piacenza. Lijaze hadi juu."

Nerio akacheka. "Primo amekuhonga. Sema kweli. Amekupa nusu ya mguu."

"Siyo Primo. Ni mimi nakwambia."

"Shemeji, sikiliza wewe sasa. Nina nusu ya tangi, na zaidi kidogo. Fosco yuko hapa, yule wa kampuni ile nyingine, na kundi lake lote. Nimewaambia nafika kwa tangi moja. Wameniambia naota. Sasa unataka nitoke hapa, mbele yao, nikasimame kwenye pampu kama mtu wa kigari cha maziwa? Heri nivue suruali."

Nyuma yake mtu akasema kitu, baa yote ikalipuka kwa kicheko.

"Jaza, Nerio. Nakuomba."

"Unaniomba!" Nerio alipunguza sauti. Kwa mara ya kwanza palikuwa na swali ndani yake. "Hebu niambie. Unaongea kama injinia au kama shemeji? Kama kuna kitu, niambie kitu. Kama ni woga wako tu, kama ule wa siku ya harusi yako, nenda kwa Ilde akuchemshie maua ya chamomile ya kukutuliza."

Ulderico alifungua mdomo. Maneno yalikuwa yameshafika, yamesimama nyuma ya meno. Kavaliere akauweka mkono wake juu ya mkono wa Ulderico. Hakuukamata. Aliuweka tu, mzito na wa moto, mkono wa mzee mwenye hofu.

"Kama shemeji," Ulderico alisema.

"Nilijua!" Nerio alicheka kwa sauti, kwa ajili ya watazamaji wake. "Mwambie dada yangu anitunzie tortelini za jioni, na wewe kanywe kitu."

"Basi nenda polepole!"

Hicho ndicho kitu ambacho mtu hakumwambia Nerio Gibertoni, hata mama yake hakuwahi. Nerio alikuwa anaanza kujibu jambo la utani pale sarafu za simu zilipokwisha na laini ikakatika.

"Piga kule," Ulderico alisema. "Piga ile baa, Kavaliere, waambie wamrudishe."

Kavaliere alipiga. Mwanamke wa kaunta alisema yule bwana mwenye gari la chungwa ametoka sasa hivi, na kwamba, ee Mama Bikira, mnasikia? Akaunyoosha mkono wa simu kuelekea mlangoni. Waliisikia injini ikipanda gia moja baada ya nyingine hadi ikapotea. Ulderico aliitambua kila gia.

King'ora cha adhuhuri kililia. Alikwenda nyumbani kwa sababu miguu yake ilizoea kwenda nyumbani king'ora kikilia. Ilde alikuwa ameweka sahani tatu, kwa mazoea vilevile, akacheka mwenyewe alipoiona ya tatu, akairudisha kabatini.

"Amepiga simu?"

"Amepiga."

"Anasemaje?"

"Umtunzie za jioni."

Ilde akampakulia. Ulderico alikitazama kijiko. Mvuke ulimpanda usoni na hakuusogeza uso.

"Rico. Una nini?"

Akamwambia. Hakupanga kumwambia. Alimweleza tangi, pua, mfereji, simu. Ilde alisikiliza akiwa amesimama, upawa mkononi, supu ikidondoka sakafuni.

"Na ulimwambia hivyo? Kwamba pua inanyanyuka?"

"Nilimwambia ajaze."

"Sikukuuliza hilo."

"Kavaliere alikuwa hapo. Na baa imejaa watu..."

"Pua inanyanyuka," Ilde alisema taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu. "Maneno mawili, Rico. Hata ungeyasema ukiwa unakohoa."

Akaweka upawa chini, akavua aproni, akatoka. Alikwenda duka la tumbaku kwenye simu ya watu, akawapigia watu wa maonyesho Torino, akawapigia polisi wa barabara kuu Alessandria, akawaambia wamsimamishe mtu katika gari la chungwa. Wakamuuliza kosa lake nini. Akasema ni kaka yake. Walimjibu kwa adabu kwamba hilo si kosa.

Ulderico alikuwa bado mezani, supu imeganda utando wa mafuta, alipomwona Kavaliere kupitia dirishani. Alikuwa anakuja kwa miguu. Watu wa kijiji walisema baadaye kwamba hawakuwahi kumwona akitembea kwa miguu nje ya geti lake tangu vita. Alikuja katikati ya barabara, kofia mkononi, vumbi juu ya viatu vya safari, na wanawake waliokuwa milangoni waliingia ndani mmoja mmoja kabla hajawafikia. Ilde alikuwa anarudi kutoka upande wa pili. Walikutana mbele ya nyumba. Ilde alimtazama, kisha akapita ubavuni mwake, akaingia ndani, akapanda ngazi, akafunga mlango wa chumba.

Ilitokea baada ya Alessandria, mahali barabara inaponyooka na kupinda kidogo sana, kiasi kwamba dereva wa lori hata hakuiita kona. Huyo dereva alisema gari lilimpita kama risasi, na baadaye akaona sehemu yake ya mbele ikiinuka taratibu, bila haraka, "kama mtu anayeinuka mezani". Likaendelea moja kwa moja pale barabara ilipopinda. Petroli haikuwaka. Ile kidogo iliyobaki ilikuwa bado imo chini ya tangi.

Siku ya pili alikuja afisa wa polisi, mtu wa makamo mwenye masharubu, mpenda magari, na hilo lilionekana kwa jinsi alivyoligusa gari la pili kabla ya kukaa kitako. Aliuliza kama gari lilikuwa na kasoro. Kavaliere alianza kujibu, na Ulderico akamkatiza. Safari hii alisema. Alisema yote, mbele ya Kavaliere, mbele ya Primo, mlango wa ofisi wazi na wafanyakazi wamesimama uani wakisikia. Alisema pua, upepo, uzito, tangi, desturi ya kujaza asubuhi na kurudi kula mchana. Alisema simu. Hakujibakizia kitu.

Afisa alisikiliza hadi mwisho, akiitikia kwa kichwa kwa heshima.

"Alikuwa anakwenda kasi gani?"

Ulderico akataja kasi.

"Injinia," afisa alisema, na akamwekea mkono begani kwa huruma ya kweli, "kwa kasi hiyo hata ng'ombe anaruka." Akavaa kofia yake. "Nawapa pole. Dereva mzuri. Wazuri ndio wanaokufa hivi."

Primo alikuwa amesimama mlangoni, ule mguu wa nguruwe mkononi, umefungwa kwenye kitambaa. Asubuhi ile alikuwa amekwenda kuutoa kwa mchinjaji, kwa sababu alikuwa ameshindwa. Wapimaji walipopiga hesabu walikuta petroli iliyobaki ingetosha kumfikisha Torino, na zaidi kidogo. Hakujua ampe nani. Alimtazama Ulderico, akaona si yeye, akauweka juu ya kiti cha gari la pili, akarudi kwenye nyundo yake.

Nerio Gibertoni alizikwa katika makaburi ya kijiji, upande wa ukuta wa mashariki, jirani na mama yake. Madereva wa majaribio wa kampuni zote walikuja, Fosco akiwa mmoja wa waliobeba jeneza. Gari la kwanza lilikatwakatwa, na alumini yake ikayeyushwa ikawa vifuniko vya pampu. Gari la pili lilipakwa rangi ya chungwa na kupelekwa Torino kwa lori siku tatu kabla ya maonyesho kufungwa. Watu walilipenda sana na maagizo yakaja. Mwaka uliofuata tangi lilihamishwa nyuma, mahali pa masanduku, bila maelezo. Mke wa Kavaliere alilalamika. Kavaliere Bellentani alikufa kwa kiharusi akiwa kwa kinyozi, na warithi wake wakauza jina la gari kwa Wajerumani, ambao hawakulitumia. Kiwanda cha pampu bado kipo. Primo Zanasi aligonga bodi hadi masikio yalipoziba, akahamia kwa binti yake Reggio. Ilde hakumtukana mumewe wala hakurudi meza moja naye. Alikwenda kwa shangazi yake Ferrara baada ya Pasaka na kufungua duka la nyuzi. Ulderico Malagoli alirudi kuchora pampu. Alichora nzuri, zinauzwa mpaka leo. Hakuendesha tena gari lolote. Alikula chakula cha mchana saa nane, baada ya king'ora kulia na watu wote kurudi kazini, na alikufa katika hospitali ya Modena mwezi wa pili, ukungu ukiwa mzito kiasi kwamba watu wa mazishi walifika wamechelewa.